Niliandika Kwamba Walikubali

Ijumaa, jioni. Manyunyu tangu saa nane mchana, yale yasiyolowesha nguo lakini yanaingia mpaka mifupani. Nimeketi jikoni na kompyuta mapajani kwa sababu jikoni ndiko kuna joto. Githeri, mahindi yetu na maharagwe, iko motoni. Leo sijui niseme najisikiaje. Si furaha, si huzuni. Ni kama nimetua mzigo na bado nauhisi begani.

Nitaandika yote, hata yale ya aibu.

Hasa yale ya aibu.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza: mimi ni Wawira, karani katika ofisi ya wadi moja ya kahawa huku Imenti. Nilizaliwa Embu, nikaolewa huku Meru, na hadi leo Kimeru changu kinachekesha watu sokoni. Kazi yangu ni kupiga chapa barua, kubandika matangazo, na kila wananchi wanapoitwa kutoa maoni kuhusu mradi, mimi ndiye ninayeandika kumbukumbu za mkutano. Nimeifanya kazi hiyo miaka minne. Nilidhani naifanya vizuri.

Zinakaribia wiki tatu sasa. Ilikuwa Jumanne asubuhi, nikiwa peke yangu ofisini, akaingia mama mmoja mwenye gambuti za mpira miguuni na leso kichwani. Alikuwa amevuka mto kutoka kijiji cha ng'ambo, na matope yalikuwa yamemfika magotini. Anaitwa Mama Kinya. Analima kahawa na nduma, yaani magimbi, ana ng'ombe wawili, na hakuwahi kukanyaga ofisi yetu kabla ya siku hiyo. Alinisalimia, akakaa, akatoa kitambulisho chake akakiweka mezani kwangu kama vile nimemuitisha.

"Nimekuja unisomee kile nilikubali," akasema.

"Ulikubali wapi, mama?"

"Kwa kitabu chenu. Vijana walikuja kuweka vigingi kwa maji yetu. Nikawauliza nani amewatuma. Wakasema sisi wenyewe tulikubali, imeandikwa. Sasa mimi sijui kusoma. Nisomee."

Nilijua ni mradi gani. Kuna chemchemi ng'ambo ya mto, na mpango ni kuijengea tangi na pampu ili maji yapande mpaka huku senta, kwenye shule, zahanati na soko. Ni mradi mzuri. Watoto wa shule yetu hubeba maji kwa vidumu kila asubuhi, na muuguzi wa zahanati ananawa kwa maji ya beseni. Hakuna mtu senta ambaye hakufurahi.

Nikafungua faili. Nikamsomea kwa Kiswahili, polepole, nikijiona mtu wa maana. Nikafika kwenye mstari unaosema: wakazi wa vijiji vyote, kikiwemo cha ng'ambo, waliunga mkono mradi kwa kauli moja.

Mama Kinya akauliza, bila ukali wowote:

"Hiyo kauli moja ni ya nani?"

Nikamwambia nitafuatilia. Wenye kazi kama yangu mnajua maana ya neno hilo. Ni namna ya kumwonyesha mtu mlango kwa heshima. Alichukua kitambulisho chake, akanishukuru, akaondoka.

Sasa niseme ukweli wa mstari ule.

Mkutano ulifanyika senta, siku ya Jumatano, saa nne asubuhi, msimu wa kuchuma kahawa ukiwa umepamba moto. Tangazo lilikuwa la Kiingereza. Nililibandika kwenye mlango wa ofisi, nikalituma kwenye kundi la WhatsApp la wadi, ambalo lina watu wa senta tupu na mchungaji mmoja. Walikuja wale wale wanaokuja siku zote. Kutoka ng'ambo alikuwepo mwanamume mmoja tu, aliyekuwa amevuka kununua chumvi. Akaona watu wanapewa soda, akaingia, akatia sahihi kwenye orodha, akanywa soda yake akaenda. Hivyo ndivyo kijiji kizima kilivyowakilishwa.

Na yale maneno "kwa kauli moja", sikuyaandika hata. Nilichukua kumbukumbu za mradi wa mwaka uliotangulia, nikabadilisha jina la mradi na majina ya vijiji, yaliyobaki nikayaacha yalivyokuwa. Nilikuwa na haraka. Ripoti ilitakiwa makao makuu kabla ya saa sita.

Sikudanganya kwa kupanga. Lakini nilidanganya.

Na kuna jingine. Mimi naishi senta. Bomba hilo lingepita hatua chache kutoka mlangoni kwangu.

Alhamisi ya wiki ile ile Mama Kinya alirudi. Alikaa kwenye benchi la nje, akachambua kunde zake kwenye mapaja mpaka saa saba, akaenda. Bwana Mutwiri, msimamizi wa wadi, ambaye ndiye mkubwa wangu, alinichungulia kutoka chumbani kwake akaniuliza yule mama anasubiri nini.

"Ananisubiri mimi," nikasema.

Jumamosi nilivaa viatu vya mvua vya mume wangu nikavuka mto. Mama Kinya alinipeleka kwenye chemchemi. Katika ripoti zangu nilikuwa nimeandika "chanzo cha maji" mara nyingi sana, na sikuwahi kukiona.

Maji yanatoka chini ya jiwe, baridi, bila kelele. Mbele yake kuna shimo walilolizungushia mawe, wanawake wanachota hapo. Chini kidogo ng'ombe wanakunywa. Chini zaidi yanaingia kwenye mashamba ya nduma, majani makubwa kama sinia, na katikati ya nduma hizo kulikuwa na kigingi kimepakwa rangi nyekundu. Mama Kinya alinieleza alivyoelewa kwa wale vijana: shimo litafunikwa kwa saruji, litazungushiwa waya, na maji yote yatapanda senta. Nilimwambia hapana, haiwezekani iwe hivyo.

Nyumbani nilitafuta mchoro wa mradi kwenye kompyuta nikausoma kwa mara ya kwanza. Ilikuwa hivyo hivyo. Hakukuwa na hata mfereji mmoja, hata bomba moja la kuchotea maji, upande wa ng'ambo.

Jumatatu nilimwambia Bwana Mutwiri kila kitu. Nilitegemea anifokee. Ni mtu mzima, ana presha, na anahesabu miezi ya kustaafu. Alivua miwani, akajifuta macho.

"Wawira, unajua ile ripoti ilishaenda?"

"Najua, mzee."

"Na unajua tukirudi nyuma, mradi unaweza kupelekwa wadi nyingine, na senta ikose maji tena?"

"Najua."

Akavaa miwani yake, akasema, "Nenda ukawaite. Lakini useme ni wewe. Mimi sijakutuma."

Sikumlaumu. Niliona anaogopa kama mimi ninavyoogopa, tena yeye ana zaidi ya kupoteza.

Safari hii sikubandika kitu mlangoni. Nilikwenda faktori ya kahawa jioni, watu wakiwa kwenye foleni na magunia yao, nikawaambia mmoja mmoja. Jumapili nilihudhuria ibada mbili katika makanisa mawili ya ng'ambo, na wakati wa matangazo nikaomba dakika chache. Usiku wa kuamkia siku hiyo mume wangu alikuwa amenisahihisha maneno mpaka akachoka. Bado nilipofungua kinywa kanisa la kwanza, Kiembu kikajichomeka katikati, na safu nzima ya akina mama ikaangua kicheko. Nami nikacheka. Baada ya hapo walinisikiliza vizuri kuliko walivyomsikiliza mtangazaji wa kabla yangu.

Tulikubaliana Alhamisi, saa tisa, kahawa ikishafika faktori. Pale pale kwenye chemchemi.

Alhamisi ni jana.

Nilifika mapema nikidhani sitapata mtu. Walikuwa wamejaa mpaka juu ya ukingo. Wanawake walikuja na mitungi yao, wazee na viti vyao vya kukunja, wengine wamesimama kwenye nduma. Injinia wa mradi alikuja pia. Nilikuwa nimempigia simu nikamsihi. Ni kijana mpole wa kutoka mbali, hajui Kimeru, kwa hiyo nilikuwa mkalimani wake. Na nyuma kabisa, chini ya miti, nikamwona Bwana Mutwiri kwa gambuti, mikono mfukoni. Hakuwa amesema atakuja.

Nilikuwa nimepanga nianze na utaratibu, dua, utambulisho, kisha maelezo ya mradi. Nilipomwona Mama Kinya ameketi mbele juu ya mtungi wake, maneno yale yote yalinipotea. Nikasema tu.

Nikawaambia kwamba kuna karatasi inayosema walikubali mradi huu wote kwa kauli moja. Nikawaambia hakuna aliyewauliza. Nikawaambia mtu aliyeandika hivyo ni mimi, na kwamba niliandika bila kuvuka mto, na kwamba maji hayo yangefika karibu na nyumba yangu.

Nilisema kwa Kimeru kibovu. Hakuna aliyecheka.

Yalisikika maji peke yake. Nina umri wa miaka thelathini na minane na nilitamani mama yangu aje anichukue.

Mama Kinya ndiye aliyenijibu.

"Basi futa," akasema.

"Siwezi kufuta, mama. Ilishapigwa muhuri. Lakini naweza kuandika nyingine na kuituma pia."

Akajisogeza mbele juu ya mtungi wake. "Sasa andika. Sisi tuko hapa."

Injinia akafungua mchoro wake juu ya kiti, akaanza kueleza, nami nikawa natafsiri. Alipofika kwenye saruji na waya, sauti zikapanda. Injinia akajitetea, akasema yeye hawezi kubadilisha, mchoro ulishapitishwa. Mwalimu mmoja mstaafu, mzee mrefu wa kofia, akasimama akamuuliza kwa Kiswahili safi:

"Umepitishwa na nani, kijana wangu?"

Injinia akatazama karatasi zake. "Na... wananchi."

"Wananchi gani?"

"Wa hapa."

Hapo ndipo walipocheka. Walicheka mpaka mzee mmoja akashika kiti. Hata Injinia akacheka, akijifunika uso kwa karatasi zake, na nikaona hakuwa mtu mbaya. Kwenye ramani yake chemchemi ni nukta ya buluu. Hakuna aliyemwambia kwamba kuna watu.

Lakini haikuwa kicheko tu. Mwanamke kijana anayeitwa Kathure, mwenye mtoto mgongoni, alisimama kwa hasira.

"Mimi nilikataa mchumba wa kule juu nikakubali kuolewa hapa kwa sababu ya hii maji," akasema. "Niliona vile dada zangu wanapanda mlima na mtungi. Sasa mnataka kuipeleka kwao na mimi nianze kupanda? Hapana. Hiyo pampu isije kabisa."

Wengi wakampigia makofi. Nikaona uso wa Bwana Mutwiri kule nyuma, na nikawaza watoto wa shule na vidumu vyao. Mkono ulikuwa unaniuma kwa kuandika na sikujua mkutano unaelekea wapi. Nilikuwa nimewaita watoe maoni, na sasa nilikuwa naogopa maoni yao.

Hilo nalo nalikiri.

Aliyegeuza mambo ni Mama Kinya tena. Aliinuka, akasema wajukuu wake wanasoma shule ya senta, kwa sababu ng'ambo hakuna shule. Wanaondoka asubuhi na kidumu cha maji haya haya. Akasema hawezi kuwanyima maji mchana watoto anaowapa asubuhi. Kisha akamgeukia Injinia, akamuuliza, nami nikatafsiri: maji yakitoka kwenye jiwe, lazima yote yaingie kwenye tangi? Hayawezi kupita kwetu kwanza?

Injinia akakuna kichwa. Akashuka mpaka kwenye jiwe, akachuchumaa, akatia mkono kwenye maji. Akauliza msimu wa kiangazi yanapungua kiasi gani. Watu kama kumi wakamjibu kwa pamoja, kila mmoja akimwonyesha alama yake kwenye mawe. Akapima kwa mkono, akaandika. Aliporudi alisema inawezekana kuweka mifereji miwili hapa chini, na birika la kunyweshea ng'ombe, na tangi lipate yanayobaki. Wakati wa kiangazi pampu ipumzike mchana. Akasema hawezi kuahidi. Atachora upya na kupeleka kwa wakubwa wake.

Wakajadiliana mpaka jua likaingia nyuma ya kilima. Kathure hakukubali. Wengine wachache hawakukubali. Walio wengi walisema sawa, lakini mifereji ijengwe kwanza, kabla ya pampu, nao waione ikitoa maji kwa macho yao.

Kisha nikafanya kitu ambacho sikuwahi kufanya miaka yote minne. Niliwasomea nilichoandika, mstari kwa mstari, kabla hatujaachana. Nilidhani ni jambo la dakika tano.

"Hapo umesema tulikubali," Mwalimu akanikatiza. "Sisi tulikataa kwanza. Andika tulikataa."

"Halafu tukaongea," mwingine akadakia.

"Halafu wengine wakakubali nusu," akasema Mama Kinya. "Na Kathure alikataa yote. Mwandike na jina lake, ndio asiseme alisahaulika."

Nikamwandika Kathure. Alikuja akasimama nyuma yangu kuhakikisha, akaniambia jina lake la pili, akanitazama ninavyoliandika herufi kwa herufi. Hasira yake haikwisha. Lakini aliweka sahihi.

Leo asubuhi nimepiga chapa kumbukumbu hizo. Fomu ya makao makuu ina mistari miwili tu ya maoni ya wananchi. Mimi nilikuwa na kurasa sita. Nikaandika kwenye fomu "angalia kiambatisho", nikaandika na barua fupi ya kueleza kwamba ripoti ya kwanza haikuwa ya kweli na kwamba kosa ni langu, nikapeleka vyote mezani kwa Bwana Mutwiri.

Alisoma kurasa zote sita. Nilisimama mlangoni nikisikia saa ya ukutani. Alipofika kwenye barua yangu aliisoma mara mbili.

"Hii barua itakuletea maneno," akasema.

"Najua, mzee."

"Unaweza kufukuzwa."

"Najua."

Akavuta kalamu. Kwenye barua yangu, mahali nilipoandika "kosa ni langu", akakata neno la mwisho akaandika juu yake kwa mkono: "letu". Akatia sahihi. Akapiga muhuri. Kisha akaniambia niende nikanywe chai kwa sababu nimepauka.

Nimelilia chooni. Hilo liandikwe pia.

Saa tisa gari la ofisi limeondoka na bahasha. Sijui watasema nini. Labda mradi utapelekwa kwingine, na Jumatatu watu wa senta watanitazama kama adui. Mama wa dukani, ninakonunua sukari, ameshaniuliza leo kama ni kweli nimewarudisha nyuma. Nilimweleza kuhusu mifereji miwili. Alisikiliza, lakini alinihudumia bila kunitazama. Simlaumu. Naye ana mtungi wake uani.

Kabla sijafunga ofisi alikuja Mama Kinya. Alitaka nakala. Nikamuuliza atafanya nayo nini na hasomi. Akasema wajukuu watamsomea Jumapili, wote wakiwa wamekaa, na wakikuta mahali nimekosea atanirudishia. Nikamtolea nakala. Aliikunja mara nne, akaiingiza kifuani, akavuka barabara kwa hatua zake fupi bila kugeuka.

Baada ya yeye kwenda nilibaki nimesimama mbele ya kabati la mafaili. Miaka minne. Barabara ya kuelekea machinjioni. Taa za senta. Choo cha soko, kilichojengwa nyuma kabisa ya ukuta, mahali ambapo wanawake wanaogopa kwenda giza likianza kuingia. Niliivuta ile ya choo nikafungua ukurasa wa mwisho, ingawa nilijua nitakachokuta.

Kwa kauli moja.

Mwandiko wa mashine hauna uso, lakini mimi naujua ni wangu.

Githeri imeiva, na mume wangu ameanza kupiga sufuria kwa kijiko. Kesho nafua, keshokutwa kanisani. Jumatatu ni siku ya soko. Nitaondoka nyumbani mapema kabla ya ofisi kufunguliwa, niende kwa akina mama wauza ndizi, niwaulize kile choo wangependa kiwe wapi.